Nguzo Inayohesabu Kutoka Juu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, maji ya kijito yanagusa mstari wa kumi.

Mwalimu anaandika namba hiyo kwenye daftari alilolifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Kando yake anaandika saa. Kisha anafuta kalamu kwa pindo la koti la mvua. Hapa mvua haijanyesha tangu juzi, ila maji yamegeuka rangi ya matofali, na kwake hiyo ni dalili kwamba imenyesha kule kijito kinakotoka.

Mbele yake kuna daraja la mbao mbili na kamba ya kushikia. Kando ya daraja imesimama nguzo nyeupe yenye mistari myeusi ishirini. Ng'ambo, mita kumi na nne kutoka alipo, ukingoni kuna nyumba moja tu, ya fundi cherehani. Ina baraza la saruji na mlango wa bluu, ambao bado umefungwa.

"Kumi si mbaya," anasema. "Lakini sisemi kitu kabla ya saa moja kasoro robo."

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Amefundisha hesabu kwa miaka kumi na saba, yote katika shule hii ya msingi yenye wanafunzi 412. Thelathini na wanane kati yao wanaishi ng'ambo, na njia yao ya kufika shuleni ni mbao hizi mbili.

Nguzo ilitokana na ruzuku ndogo ya mfuko unaosaidia walimu wenye miradi ya ubunifu darasani. Ruzuku nzima ni sawa na mshahara wake wa wiki saba. Hutolewa kwa mafungu mawili, nusu mwanzoni na nusu baada ya mkaguzi wa mfuko kuja kuona kazi. Wengine waliopata mwaka huo walitengeneza vikaragosi, ramani za udongo na maktaba ya kubebwa kwenye sanduku. Yeye, kwenye nafasi ya jina la mradi, aliandika "Kipimo cha maji". Kwenye nafasi ya sababu fomu ilikuwa na mistari minane. Alitumia mmoja: "Mwanafunzi wangu alikufa maji akiwahi geti."

Geti hilo lilikuwa kazi yake. Kwa miaka sita alikuwa mwalimu wa nidhamu, na kila siku saa moja na nusu kamili alilifunga kwa mkono wake. Aliyechelewa alisimama nje hadi mapumziko ya saa nne. Wanafunzi walimwita Bi Geti, na anakiri kwamba jina lile lilimpendeza.

Asubuhi moja, miezi kumi na minne iliyopita, maji yalikuwa yamefunika mbao. Watoto watano walisimama ng'ambo. Wanne walirudi nyumbani. Wa tano, msichana wa miaka kumi na mmoja wa darasa la tano, aliwaambia wenzake kwamba hawezi kusimamishwa nje mara ya tatu katika wiki moja, akavua viatu, akaingia. Alipatikana saa nane mchana, mita mia nne chini ya daraja. Alikuwa mtoto pekee wa fundi cherehani.

Uchunguzi ulisema ni ajali. Mwalimu hakupewa onyo wala barua.

"Sikumsukuma majini," anasema. "Ila mimi ndiye niliyemfanya aogope geti kuliko maji. Hilo halimo kwenye ripoti. Nililiandika mimi kwenye fomu ya mfuko, maana lazima liandikwe mahali."

Tangu siku hiyo geti la shule halifungwi mpaka saa mbili, na hakuna anayesimamishwa nje. Jina la Bi Geti halijasikika tena.

Walimu wenzake walipoona fomu walimtania kwamba sasa atawafundisha samaki kujumlisha. Mmoja alimuuliza kwa nini asiombe daraja. Alimjibu kwamba ombi la daraja lipo ofisini kwa wakubwa tangu yeye hajaajiriwa, na ruzuku ile isingetosha kununua hata misumari yake. Rangi ingetosha.

Fungu la kwanza lilinunua nguzo, makopo manne ya rangi, brashi, na saruji ya kuishikilia nguzo chini. Wanafunzi wa darasa la tano waligawana kazi. Kundi moja lilipima, lingine likachora mistari kila baada ya sentimita kumi, la tatu likaandika namba. Mwalimu aliitwa kwenye kikao ofisini. Aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa na kosa.

Namba moja ilikuwa juu kabisa. Ishirini ilikuwa chini, karibu na matope.

"Walifanya nilichowafundisha," anasema. "Kwenye daftari, swali la kwanza linaandikwa juu. Miaka mitano tunawaambia anzeni juu, msiruke mistari. Wakapewa nguzo, wakaanza juu."

Aliagiza rangi ikwanguliwe. Kabla haijakwanguliwa alirudi na rula kuhakikisha angalau nafasi zimelingana, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kundi la kupima lilikuwa limeanzia usawa wa mbao za daraja. Mstari wa kwanza ulikuwa sentimita kumi chini ya mbao, wa pili ishirini, wa tatu thelathini. Kwa hiyo namba iliyoguswa na maji haikusema maji yana kina gani. Ilisema zimebaki namba ngapi kabla maji hayajafika miguuni.

Alisitisha ukwanguaji. Kwa miezi miwili darasa la tano lilisoma nguzo asubuhi na mchana na kuandika. Waligundua kwamba siku mbaya maji hupanda mistari minne kwa saa moja. Mwalimu akaongeza mitatu ya tahadhari, na kanuni ikawa hii: zikibaki saba, kitambaa chekundu kinapandishwa kwenye mlingoti kando ya daraja na hakuna anayevuka.

Mkaguzi wa mfuko alikuja miezi mitatu iliyopita. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alishuka hadi kwenye nguzo, akaitazama, akainama, akaitazama tena.

"Mwalimu, maji yakipanda, namba inashuka," alisema. "Duniani kote kipimo cha maji hakisomwi hivi."

"Duniani kote hawavuki hapa, mzee wangu."

Mkaguzi hakucheka. Alisema fungu la pili halitatoka kwa kipimo kinachofundisha watoto kinyume, na akataka kirekebishwe. Kisha akamwita mtoto aliyekuwa karibu, wa darasa la pili, akamwambia asome. Mtoto alisema zimebaki tisa. Mkaguzi akamuuliza maana yake nini. Mtoto akasema leo wadogo wanashikwa mkono, na zikibaki saba wanageuza. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaandika kitu kwenye kijitabu chake na kuondoka bila kusema alichoandika.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Fungu la pili lilikubaliwa kwa sharti moja, kwamba upande wa nyuma wa nguzo ziandikwe namba za kawaida, kuanzia chini. Zimeandikwa. Hakuna anayezisoma.

Tatizo halikuwa nguzo peke yake. Mtoto aliyezuiwa na kitambaa hasimami tu, anatafuta pa kupita. Katika mwezi wa kwanza wanafunzi wawili waliozuiwa walikutwa wakijaribu kuvuka chini zaidi, penye mawe. Ilihitajika paa ng'ambo, na mtu mzima wa kuwahesabu. Paa lilikuwa moja tu.

Mwalimu alimwandikia fundi cherehani barua tatu. Hakujibiwa. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi, ambako fundi alimtazama mara moja na kugeuza uso.

Mwalimu mkuu wa shule ndiye aliyekwenda. Alirudi na jibu kwamba watoto waje, barazani na chumbani, kwa kuwa cherehani haihitaji watu wanyamaze. Ila yeye na yule mwalimu hawana la kuzungumza. Hesabu ya watoto ataiandika kwa chaki kwenye kibao na kukitundika mlangoni, na mwenye macho atasoma.

Wanaohesabiwa ng'ambo hawaandikwi watoro. Kwenye rejista huwekewa duara dogo mbele ya jina, alama ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Mwalimu mkuu anasema ofisi ya elimu ikiuliza duara hilo ni nini, atawajibu ni mtoto aliye hai.

Fundi ana miaka thelathini na tisa. Hushona sare za shule, na zamani alipata oda nyingi kabla ya kila muhula kuanza. Sasa anachukua nusu yake. Sketi za saizi ya mwanawe hazishoni. Kwenye rafu juu ya cherehani kuna jozi ya viatu vyeusi vilivyopigwa rangi.

"Mwanangu, usije ukaandika kwamba nimesamehe," alimwambia mwandishi wa habari hii, bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Wenzako wa redio walitaka niseme hivyo. Sijasamehe. Nimefungua mlango. Hivyo ni vitu viwili."

Alipoulizwa kwa nini basi ameufungua, alikata uzi kwa meno kwanza.

"Wale wanne waliorudi siku ile, nani aliwaona wakifika kwao? Hakuna. Walirudi wenyewe tu, kwa bahati. Mimi bahati siitaki tena mlangoni kwangu."

Fedha za fungu la pili zimeingia. Mwalimu amepanga kununua mabati ya kurefusha paa la baraza hilo, mabenchi manne, na ubao mweusi wa kutundikwa ukutani, ili siku za kitambaa chekundu ziwe siku za masomo. Anatumaini mabati yatakuwa yamepigwa kabla ya mvua kubwa. Fundi ameshapelekewa vipimo, kupitia kwa mwalimu mkuu, na amerekebisha kimoja.

Alhamisi hii, saa kumi na mbili na dakika arobaini, maji yanafika kwenye mstari wa nane. Saa moja kasoro dakika tano yanafika saba. Hakuna mtoto aliyevuka bado. Mwalimu anavuta kamba ya mlingoti na kitambaa chekundu kinapanda.

Mlango wa bluu unafunguliwa. Watoto wanaanza kufika ng'ambo wawili wawili, wanatazama kitambaa, wanakata kona kuelekea barazani kama watu waliozoea. Mmoja anapunga mkono. Mwalimu anapunga wake.

Saa mbili kamili fundi anatoka na kibao, anakitundika msumarini. Kimeandikwa 37.

Mwalimu anasoma mara mbili. Anafungua rejista, anapitisha kidole kwenye orodha, anarudi juu, anaanza upya. Maji sasa yako kwenye mstari wa nne, yanavuma, na kutoka upande huu nyuso za watoto hazitambuliki vizuri.

"Nani hayupo?" anaita.

Fundi anawatazama watoto walioketi, anauliza kitu, anajibiwa kwa vidole vinavyoelekea njia ya juu. Anavua utepe wa kupimia shingoni, anauweka juu ya cherehani, anamwonyesha binti mkubwa kuliko wote mahali pa kusimama, mlangoni, na kuondoka kwa haraka.

Mwalimu haondoki. Anasoma nguzo kila baada ya dakika tano na kuandika. Nne. Tatu. Tatu. Tatu ya pili anaiandika juu ya ya kwanza. Anaikata kwa mstari mmoja na kuiandika upya pembeni.

Saa mbili na dakika thelathini na nane fundi anarudi, viatu vimejaa tope hadi vifundoni. Anapita watoto, anapita kibao, anashuka hadi ukingoni mwa maji, mkabala na mwalimu, karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu mazishi. Anaweka viganja kando ya mdomo.

"Yupo kwao," anaita. "Ana homa. Nimemshika paji la uso kwa mkono wangu."

Mwalimu anainua rejista juu ili ionekane.

"Thelathini na wanane?"

"Thelathini na wanane."

Mwalimu anainama na kuweka maduara, jina baada ya jina, hadi la mwisho. Saa yake inaonyesha saa mbili na dakika arobaini.