Maombi ya Akaale

Akaale aliuza makaa mjini Isiolo. Miaka yote aliyosali kanisani hakuwahi kufungua kinywa kuomba mbele ya watu. Wenzake walitiririka kwa Kiswahili. Chake kilimkwama kooni. Basi aliinamisha kichwa tu na kuitikia amina, akiamini maombi ni kazi ya wenye ufasaha.

Kisha jirani yake Mugure, mwenye duka la nguo, akaambiwa ni lazima apasuliwe tumbo. Asubuhi ya kwenda hospitali alipitia kwa Akaale, macho mekundu kwa kulia.

"Mama Ekidor, niombee."

"Mimi? Si umwite pasta?"

"Pasta ameenda Leparua. Na mimi nimekuja kwako."

"Kiswahili changu ni cha kuuza makaa, Mama Kui."

"Kwani Mungu alikuumba na Kiswahili?"

Akaale akacheka bila kutaka. Akapangusa mikono kwa leso, akamshika Mugure, akaanza kwa Kiturkana, akimwita Mungu Akuj, kama alivyozoea kumsikia mamake akimwita. Maneno yakaja yenyewe. Mugure hakuelewa hata moja, lakini alipoitikia amina sauti yake ilikuwa imetulia.

Mugure alirudi salama kutoka hospitali, akitembea polepole. Akaale alimshukuru Mungu, ila hakuwa amengoja hilo ndipo aombe tena. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kuanza kuuza, huketi kwenye kigoda akaongea na Mungu wake, na mara nyingine mazungumzo hunoga mpaka wateja wakohoe.