Kaa wa Bi Zuhura

Upepo wa mchana ulipovuma kutoka ziwani, landhi zetu, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, zilijaa harufu ya magadi. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mwaka ule Ziwa Nakuru lilikuwa limerudi nyuma likaacha tope jeupe lililopasukapasuka, hivyo vumbi lake liliingia kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye unga, kwenye pembe za macho. Ukilamba midomo ulikuta uchungu. Mimi nilizaliwa pale, na sikuwa nimeona maji mengine makubwa kuliko hayo, kwa hiyo niliamini kwamba bahari waliyotusimulia shuleni ilikuwa ziwa letu hilihili, ila pana zaidi. Nilikuwa darasa la tatu. Aliyenitoa katika imani hiyo ni jirani yetu, Bi Zuhura, na hakunitoa kwa maneno. Aliniita mlangoni kwake, akanishikia gudulia la kioo puani, akaniambia ninuse.

Bi Zuhura alikuwa mke wa Bwana Salim, gadi wa treni, na wote wawili walikuwa wenyeji wa Mombasa. Walihamia nyumba iliyopakana na yetu wakati wa baridi, ile baridi ya Julai ambayo asubuhi unaona mvuke ukitoka kinywani. Mwanamke huyo hakutoka nje. Kina mama wa landhi walipokutana bombani walisema anaringa, na mama yangu, mtu wa Maragoli ambaye hakupenda kusalimia mtu mara mbili bila kuitikiwa, alikubaliana nao. Lakini ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba, nasi watoto tulisikia yale ambayo wakubwa hawakuyasikia. Tulimsikia akikohoa, akilia, na akimwambia mumewe kwamba mifupa yake haiujui mji huu na kwamba atarudi kwa mama yake.

Bwana Salim hakuwa mtu wa maneno mengi. Safari zake ziliishia Nairobi, ila hapo alikutana na rafiki yake aliyekuwa gadi wa treni ya Mombasa, na huyo rafiki akaombwa jambo ambalo sidhani gadi mwingine aliwahi kuombwa. Akaleta maji ya bahari, magudulia matatu ya peremende yaliyofungwa kwa kitambaa, na ndani ya moja walikuwamo kaa wawili wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, konokono wenyewe kadhaa, na samaki mmoja mwenye milia, mdogo kama kidole changu cha mwisho. Nyuma ya stesheni palitupwa vyombo vya kioo vya betri kuukuu za mtambo wa simu, vya pembe nne na vizito. Bwana Salim alikiosha kimoja siku kadhaa mfululizo, akakiweka juu ya meza karibu na ukuta wa jikoni ambao mawe yake hayakupoa hata usiku, akapanga vijiwe ndani yake, akamimina bahari.

Nilipoinusa, haikuwa magadi. Ilikuwa harufu nzito kidogo, ya kitu kilicho hai, na sikuwa na neno la kuipa. Nikamuuliza Bi Zuhura kama viumbe hao huyanywa maji hayo. Akasema hajui. Nikamuuliza kama hulala, na kama hulala hufumba macho. Akanitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akasema amekua akiwaona kaa kila siku ya maisha yake na hajawahi kujiuliza hata moja kati ya hayo. Akavuta kigoda akaniambia niketi, tutazame pamoja. Jioni hiyo alimwambia mumewe, nami nikiwa nimesimama mlangoni, "Hawa wakiishi hapa, na mimi nitaishi. Wakifa, unikatie tiketi." Bwana Salim aliitikia kwa kichwa tu. Mimi ndiye niliyeondoka pale nikiwa na mzigo, maana nilikuwa nimekwisha kumpenda.

Baada ya hapo kila nilipotoka shule nilipitia kwake. Hakuna aliyetufundisha. Tuliona kwamba maji yalipungua siku hadi siku, ingawa chombo hakikuvuja, na mimi nikataka kuongeza maji pamoja na chumvi ya dukani ili yasipoteze ladha. Bi Zuhura alifikiri, akaleta sufuria iliyokauka mchuzi pembeni, akanionyesha weupe uliobaki. "Chumvi haiendi popote, mwanangu. Kinachoondoka ni maji peke yake." Basi akafunga uzi mwekundu kukizunguka chombo pale maji yalipoanzia, na kila yaliposhuka chini ya uzi tuliongeza maji ya mvua kidogo kidogo, tukionja kwa ncha ya kidole. Tuliona pia kwamba samaki hupanda juu na kupumua kwa haraka asubuhi, kama mtu aliyetoka mbioni. Nikaazima pampu ya baiskeli ya baba na kipande cha mpira wa vali, nikawa nasukuma hewa ndani taratibu, na mapovu yakipanda yule samaki alirudi chini akatulia. Baba alinikuta hapo. "Sasa wewe unajaza samaki upepo?" aliniuliza. Hakuichukua pampu yake, ila aliniambia nisiicheleweshe asubuhi anapokwenda kazini.

Samaki alikufa. Tulimlisha kupita kiasi, nadhani, kwa sababu kila mtoto wa landhi aliyekuja kutazama alidondosha kipande cha nyama, na mabaki yalioza chini ya mawe hadi maji yakawa kama maji ya mchele. Bi Zuhura aliyatoa nusu na kubadilisha kwa maji ya gudulia la mwisho, akaweka sharti kwamba chakula ni chembe moja na anayelisha ni yeye. Nilimuuliza kwa woga kama samaki anahesabiwa. Alisema aliwataja wote, lakini akaongeza kwamba kaa bado wanatembea.

Kisha yule gadi wa treni ya Mombasa, ambaye alikuwa akituletea maji mapya mara kwa mara, akaenda likizo na maji yakakoma kuja. Yaliyokuwa ndani yalianza kunuka vibaya. Mimi nikaona jawabu liko mbele yetu, mwendo wa nusu saa: ziwa. Maji yake si yana chumvi? Nilikwenda na dada yangu tukarudi na kopo lililojaa, tope likiwa limetufika magotini na limetubabua ngozi. Bi Zuhura alitumbukiza vidole, akavisuguanisha. Yaliteleza kama maji ya sabuni. Hakuyamwaga, wala hakuyatia chomboni. Alichukua bakuli, akatia maji ya ziwa, akaweka konokono mmoja tu. Yule konokono alijifungia kombeni papo hapo kama mtu aliyebamiza mlango. Tulingoja. Hakufungua. Bi Zuhura alimrudisha kwenye maji yake ya zamani, na baada ya muda mrefu, mwili wake laini ukachungulia tena. Nilipomuuliza kwa nini chumvi moja imkubali na nyingine imkatae, alisema, "Hilo sijui. Lakini yeye anajua, na ameshatujibu." Akayachuja maji ya zamani kwa kitambaa cha mtandio wake, akaosha mawe, akarudisha. Tukaendelea na pampu.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilimkuta hakuketi kwenye kigoda. Sanduku lilikuwa wazi kitandani na yeye alikuwa akikunja nguo. Alinionyesha chombo kwa kidole. Kaa mkubwa, yule tuliyempenda zaidi kwa sababu alipanda mawe bila kuchoka, alikuwa amelala nje ya kombe lake, miguu imetawanyika, hatikisiki. Sikutaka kulia mbele yake, kwa hiyo niliomba ruhusa nimtoe nikamzike. Nilimwinua kwa kijiko, nikamweka kiganjani. Alikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Nilimgeuza. Mgongoni palikuwa na ufa, na macho yake yalikuwa kama kioo kitupu.

"Bi Zuhura," nikasema, "ndani hamna kitu."

Alikuja akiwa bado ameshika kanga mkononi. Alikitazama kile kitu, akakigusa, akainama hadi uso ukakaribia maji. Tulihamisha jiwe moja, kisha la pili. Nyuma ya la pili alikuwapo kaa mwenyewe, mpya, rangi yake imepauka, amejibana kwenye kona akitetemesha vipapasi. Alikuwa amevua mwili wa zamani mzima mzima, na miguu na macho, akatoka akiwa mkubwa zaidi. Bi Zuhura aliketi sakafuni. Alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilicheka kwa sababu yeye anacheka.

Lakini furaha haikudumu, maana kombe lake lilikuwa sasa dogo. Alijaribu kurudi nyumanyuma akaingia nusu tu, tumbo lake laini likabaki nje, na mwenzake akaanza kumzungukazunguka kwa namna ambayo hatukuipenda. Makombe ya bahari hayapatikani Nakuru. Tulimpa kastabini ya kushonea, akaipiga kwa mguu akaiacha. Tulimpa kifuniko cha chupa ya dawa. Nilikimbia nyumbani nikamweleza mama yote kwa pumzi moja, hata habari ya sanduku. Mama alinisikiliza huku akipepeta maharage. Aliweka ungo chini, akaenda kwenye bustani yake ya mboga kando ya mtaro, akawa anafunua majani. Alirudi na makombe makavu ya konokono wa shambani, akayachemsha kwenye sufuria, akayafunga kwenye leso. Hakunituma mimi. Alikwenda mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza alipovuka kizingiti cha Bi Zuhura.

Waliinama wote wawili juu ya chombo bila kusalimiana. Kaa alilifikia kombe la kwanza, akaingiza mguu ndani, akalizungusha kama mwanamke anayechagua chungu sokoni. Akaliacha. La pili akalipima tena na tena. Halafu, kwa kasi ambayo macho yangu nusura yaikose, alitoka katika la zamani akajitupa katika jipya, akatikisika kidogo kulikaza, akaanza kutembea. Mama alivuta pumzi. "Huyu amepata nyumba," alisema. Kisha akamgeukia Bi Zuhura akamwuliza kama amekunywa chai.

Sanduku lilirudi chini ya kitanda. Maji mapya yalifika mwisho wa mwezi, na kaa hao waliishi hadi mvua za mwaka uliofuata, wakafa mmoja baada ya mwingine, kwa uzee au kwa jambo ambalo hatukulijua. Kufikia hapo hakuna aliyetaja tiketi. Bi Zuhura alikuwa akipika mahamri ambayo landhi nzima iliyangoja, na alikuwa amejifunza Kimaragoli cha kutosha kugombana na mama juu ya kuni.

Niliiona bahari nikiwa mtu mzima, mama wa watoto, na juzi nilikwenda tena na mjukuu wangu, maji yakiwa yametoka na miamba ikiwa wazi. Kila kidimbwi kilijaa kaa wa namna ile, kwa mamia, wakigongana, wakikanyagwa na watoto wanaokimbilia mpira. Mjukuu wangu aliuliza hula nini, na kabla sijafungua mdomo simu yake ilikuwa imeshamwambia. Ilimwambia pia kwa nini maji ya magadi huwadhuru, jambo nililoishi nalo miaka sitini bila jibu. Nilifurahi kulijua. Akaondoka, nami nikabaki nimechuchumaa, nikimfuata kwa macho kaa mmoja aliyekuwa akipanda jiwe. Kijana mmoja wa pale aliyepita alinitazama, akaniuliza kwa adabu, "Mama, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu. Akangoja kidogo, kisha na yeye akachuchumaa kutazama.