Kuta za Brashi

Viti sita vilipangwa mbele ya wageni, na cha mwisho hakikukaliwa na mtu. Vijana watano, wachoraji na wapiga picha, walisimama mmoja baada ya mwingine kando ya kazi zao wakaeleza zilitoka wapi. Mmoja alisema zake zilitoka ndotoni. Mwingine, kijana mrefu anayepiga picha za viatu vya watu walio kwenye foleni, alisema uso wa mtu hudanganya lakini soli haijui uongo, akapigiwa makofi. Kisha ikafika zamu ya kiti kitupu. Ukumbi ukanyamaza, na fundi rangi mmoja aliyekaa safu ya nyuma, ndani ya shati lake la kuendea misibani, akakitambua kimya kile. Kwake nyumbani kilikuwa na umri wa miaka miwili.

Kiti kilikuwa cha binti yake. Kwenye fomu ya maonyesho, mahali pa ndugu wa karibu, binti aliandika namba ya baba, na ndiyo maana mwaliko ukamfikia. Fundi hakuuliza maonyesho ni kitu gani. Alijua atamwona mwanawe, na alikuja kumwomba arudi nyumbani.

Jina kamili la binti walilijua walimu tu. Mtaani aliitwa Brashi, kwa kuwa tangu ana miaka tisa alimfuata baba yake kazini kila likizo, akikaa na kopo akiosha brashi mpaka maji yatoke meupe. Alikuwa mtoto wa pekee. Mkono aliuchukua kwa baba, uchache wa maneno kwa mama.

Mama alikuwa mshonaji wa pindo na vifungo, na kazi yake aliifanyia kitandani, miguu ameinyoosha, kichwa kimeegemea ukuta. Miaka kumi na sita kichwa kilekile kiliegemea palepale, na mafuta ya nywele yakaacha alama ya kahawia yenye ukubwa wa sahani. Fundi alikuwa akimtania.

"Mke wa fundi rangi mzima, ukuta wako ndio mchafu kuliko zote mtaani."

"Kinyozi hajinyoi, baba Brashi," mkewe alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Nenda kapake za wenzako."

Aliugua wiki tatu, akafa. Brashi alikuwa na miaka kumi na saba. Waliokuja kuwapa pole walipokwisha kutawanyika, fundi aligundua kwamba hawezi kulala. Akigeukia mlango, analisikia lile doa mgongoni. Akigeukia ukuta, linamtazama. Asubuhi moja akamwambia binti yake, "Mwanangu, ukuta huo upakwe leo. Piga msasa, osha kwa sabuni, kisha weka andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini. Ukianza na rangi ya maji, mafuta yatapenya na alama itarudi."

Akabeba mkoba wake akaondoka kwenda kwenye kazi ambayo haikuwapo. Siku nzima alishinda nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, amekalia ndoo iliyogeuzwa, akiwaambia waliompita kwamba anamsubiri mtu.

Jioni aliporudi ukuta ulikuwa mweupe. Kwenye kona na dari tu, pale rangi inapokatwa kwa brashi ndogo, mstari ulikuwa umepinda kidogo. Brashi alikuwa amesimama katikati ya chumba, msasa bado uko mkononi, akimtazama baba yake kama mtu anayesubiri kusomewa barua.

"Kazi safi," fundi akasema. Akaomba maji ya kunawa.

Walifanya kazi pamoja miaka minne baada ya hapo, wakipaka vyumba vilivyohamwa kabla wapangaji wapya hawajaingia. Brashi alipopata simu yenye kamera akaanza mtindo mpya. Kabla rola haijagusa ukuta utamsikia, "Baba, subiri kidogo." Anapiga picha. Weusi wa vidole kuzunguka swichi. Mraba uliokwajuka mahali palipokaa kalenda. Mistari ya penseli mlangoni, urefu wa mtoto fulani, mwaka hadi mwaka, ikikoma kwenye kiuno cha mtu mzima. Fundi aliona ni uvivu uliovalishwa nguo nzuri. Siku moja uvumilivu ukamwisha, tena mbele ya mwenye nyumba.

"Watu wanasubiri ufunguo na wewe unapiga picha uchafu?"

Brashi akalaza rola kwenye sinia lake taratibu. "Si uchafu, baba."

Wiki iliyofuata akahamia mji mwingine. Tangu hapo ilikuwa ni simu za Jumapili: shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, halafu mmoja wao anaulaumu mtandao.

Sasa, pale ukumbini, mwandaaji wa maonyesho, dada mwenye miwani, alikuwa akiigeuzageuza karatasi. "Mwenzetu hakufika, ila ametuma picha kumi na mbili. Mahali pa maelezo hakuandika kitu."

Fundi aliinuka akaenda kuzitazama. Alivitambua vyumba vyote. Kile cha swichi alikipaka yeye, mikono miwili, yaani rangi mara mbili, siku ya joto kali. Alitembea kutoka picha hadi picha kama mtu anayepita kwenye mtaa aliouhama, mpaka akafika ya kumi na mbili. Ilikuwa na ukuta mweupe mtupu.

"Huu ndio utupu wa maisha ya mjini," mgeni mmoja alisema nyuma yake, kwa sauti ya aliyesoma.

"Au simu ilijipiga yenyewe mfukoni," akasema kijana wa viatu, na watu wakacheka.

Fundi alikuwa ameuona mstari uliopinda, juu kabisa, karibu na kona. Mistari ya mafundi wengine aliinyoosha hata bila kuombwa, maana iliwasha macho yake. Huu ulikuwa chumbani kwake mwenyewe mwaka wa sita, na hakuwahi kuugusa.

"Mzee, wewe ndiye baba yake?" mwandaaji akauliza. "Tusaidie basi. Msukumo wa kazi hii ulitoka wapi?"

Fundi akasafisha koo. "Hapo kuna andakoti moja na mikono miwili ya rangi ya maji."

Wakacheka tena, kwa wema. Akawaacha wamalize.

"Chini yake kulikuwa na alama ya kichwa cha mama yake. Alikuwa akiegemea hapo akishona. Alipokufa nilishindwa kuitazama, nikamwagiza mtoto aifute. Mimi nikatoka, nikamwacha nayo peke yake." Akatafuta pa kuweka mikono yake. "Niliporudi nilimsifia kazi. Basi. Sikusema kingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana wa viatu alikuwa akitazama sakafu.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, jua la alasiri likimchoma utosini, fundi alipiga simu ingawa haikuwa Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimetoka kuziona kuta zako."

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza. Nimewaambia mimi ndiye niliyekutuma."

Kwa mbali aliisikia mashine fulani ikiunguruma.

"Siku ile sikuwa na simu," Brashi alisema. "Ningekuwa nayo ningepiga picha moja. Moja tu, baba."

"Kila mvua zikianza naukagua ule ukuta. Nasema labda alama itapenya."

"Haipenyi. Niliweka andakoti mara mbili. Ulisema niifanye vizuri."

"Uliifanya vizuri. Rudi nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani sipati usingizi."

Fundi alitaka kusema kwamba hata yeye haupati. Alisema, "Haya, mama," neno alilokuwa akimwitia zamani alipokuwa mdogo, na safari hii hakuna aliyeulaumu mtandao.

Brashi bado anaishi katika mji ule, safari ya saa tisa kwa basi. Amepanga chumba ghorofa ya pili, na mchana anafanya kazi kwenye duka la kuchapa picha; usiku, huko, usingizi anaupata.