Uji uliotutoa shimoni: tulivyojenga nyumba ya mwalimu kwenye kilima, Kiriba

Wakuu, heshima kwenu, mlio nyumbani na mlio mbali.

Naonaga humu watu wanauliza namna ya kujenga kwenye viwanja vya mlimani. Leo nimeamua niache kusoma kimyakimya. Haya yalinikuta mwenyewe, na kwa umri huu sina cha kuongeza chumvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa.

Wenzangu wa rika mnaelewa. Tumetoka kuogea majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, mara ghafla Musoma mjini madukani kuna sabuni, kuna misumari, simenti unanunua bila kibali! Kila mtu akawa anajenga.

Mimi nilikuwaga fundi uashi, naishi Buhare. Kijiji kimoja huko Kiriba kikatuita tujenge nyumba ya mwalimu. Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu Majura, na mkuu wetu Mzee Magesa kutoka Bunda. Mzee anajua kazi kwelikweli, ila nyumba zake zote alikuwa amejenga tambarare.

Kiwanja kiko ubavuni mwa kilima, ziwa unaliona lote. Tukakikata kilima ili tupate sehemu sawa. Nyuma yetu ukabaki ukuta wa udongo umesimama wima, karibu mara mbili ya urefu wangu. Chini yake ndipo tunachimba msingi.

Aliyetupikia ni Mama Bwire, mkulima wa muhogo. Shamba lake lilikuwa juu kidogo ya saiti. Siku ya kwanza tu alituambia:

"Wanangu, hapo mnapokata maji yanapitaga chini kwa chini. Kwingine kukikauka, hapo jembe langu bado linatoka na tope."

Mzee Magesa akacheka. "Mama, wewe tupikie. Udongo tuachie sisi."

Na sisi wengine tukacheka. Ndiyo ujinga wenyewe huo.

Basi mvua ikapiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne jua likatoka, tukaingia shimoni mapema na sururu zetu, tuna hamu ya kazi.

Saa nne Mama Bwire akaja na sufuria ya uji. Kwa kawaida anashuka nayo hadi tulipo. Siku hiyo akaitua kule juu, pembeni kabisa, akakaa.

"Uji uko huku. Anayetaka apande."

Mzee Magesa akamwuliza, "Mama, leo miguu imekataa?"

"Miguu mizima, baba. Ni uji ndio haushuki."

Aisee tulicheka. Mimi na Majura tukapanda, njaa haina ubishi. Mzee akabaki chini ananyoosha kamba yake. Nikanyoosha mkono nichukue kikombe, mama akakivuta.

"Hakuna atakayeonja mpaka mkubwa wenu awe hapa."

Hapo tukaanza kumpigia Mzee kelele kama watoto wa shule. Akapanda huku ananung'unika, jasho linamtoka.

Mama hakumpa uji. Alimshika mkono akampeleka upande wa juu, akamwonyesha ufa kwenye ardhi, mrefu, unafuata ukingo wa tulipokata. Mzee akapiga magoti, akaingiza mkono. Ukazama hadi kiwiko. Nilimwona uso ukibadilika.

"Rudi nyuma, baba," Mama Bwire akasema, akamvuta shati.

Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe. Ukuta wote wa udongo ukaenda. Kishindo kimoja tu, puu! Msingi ukajaa, kamba, sururu, karai, vyote chini. Pale nilipokuwa nimesimama dakika chache nyuma palikuwa na lundo linalonifika kifuani.

Majura alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hajui ashike lipi.

Mzee Magesa akavua kofia. "Mama, nisamehe. Nilikudharau. Hebu nionyeshe hayo maji yako yanapitia wapi."

Nilimheshimu mara mbili siku ile.

Tukaanza upya. Kwanza tukachimba mtaro juu ya kiwanja, palepale Mama Bwire alipotuelekeza, maji yakapinda yakaenda pembeni. Kilima hatukukikata wima tena, tulikishusha kwa ngazi ngazi, na msingi vilevile. Nyuma tukajenga ukuta wa mawe ulioegemea kilima, mgongoni mwake tukajaza kokoto.

Ukuta kama huo unahitaji matundu ya kutolea maji, na mabomba hatukuwa nayo. Majura akaja na vigogo vya mpapai, si ndani viko wazi? Tukavijengea humohumo. Vikaoza, matundu yakabaki. Akili ya shida hiyo!

Na kila asubuhi hakuna aliyeshuka kabla Mama Bwire hajazunguka juu kukagua nyufa. Tukambatiza jina Injinia. Alikuwa analipenda hilo, hata sokoni ukimwita mama hageuki.

Masika iliyofuata mwalimu na mkewe walishahamia. Ikanyesha mvua ya kufa mtu. Tulivyokwenda kuangalia, matundu yote yanamwaga maji kama ng'ombe waliojipanga wanakojoa, na mwalimu kakaa barazani anasahihisha madaftari, hana habari. Sijawahi kufurahia maji machafu kiasi kile.

Nilichojifunza: kilima kina watu wanaokijua, na mara nyingi hawana cheti. Kabla hujapiga sururu, mtafute anayelima juu ya kiwanja chako, umwulize maji yanapita wapi. Usichimbe chini ya udongo uliosimama wima, hasa baada ya mvua. Na mtu akikwambia toka humo, toka kwanza, ubishi mtaumalizia juu mkiwa hai.

Wenye viwanja vya mlimani, nyie mmefanyaje? Na mainjinia wa humu, nisahihisheni nilipokosea. Mzee wa Bunda aliomba msamaha mbele ya mafundi wake, mimi nitashindwaje?