Sinema Imempa Baba Ushujaa wa Mjomba Wangu

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usipunguze hata moja. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nauza dawa za mifugo hapa Rongai, na Jumamosi wazee wa mchumba wangu wanakuja kwetu kuzungumzia mahari. Ningepaswa kuwa na furaha. Badala yake ninachemka tangu sinema fulani ionyeshwe, ile inayoanza na maandishi makubwa kwamba ni kisa cha kweli. Kisa chenyewe ni changu. Yule mtoto anayeokolewa motoni ni mimi.

Nianze na ukweli, maana wenye sinema hawakuwa na haja nao. Nilikuwa na miaka sita. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, na mchana huo nilikuwa nimelala na homa chumba cha nyuma. Mama alikuwa ameenda kusaga unga. Baba aliacha jiko la makaa likiwaka karibu na magunia ya mahindi, akatoka kwenda kupiga gumzo barabarani. Moto uliposhika alirudi mbio, akaingia ndani, akatoka amekumbatia televisheni. Ndiyo, televisheni, ile ndogo ya kutumia betri ya gari. Akaiweka kando na kuipangusa vumbi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa shambani kwake ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye aliyevunja ukuta kwa jembe akanitoa. Mkono wake wa kushoto uliungua, na vidole havijawahi kunyooka tena. Mwezi haukuisha baba akahamia Naivasha kwa mwanamke mwingine. Mjomba ndiye aliyenilea na kunisomesha.

Sasa njooni kwenye sinema. Watengenezaji walitoka Nairobi wakitafuta kisa, wakampata baba, na baba hajawahi kuishiwa maneno. Nyumba ya kwenye sinema yao ina madirisha ya vioo. Mvua inanyesha, na ilikuwa Januari, kiangazi cha kupasua ardhi. Mama analia akiwa na lipstiki. Baba anapita katikati ya moto amenibeba, na shati lake jeupe linatoka safi, mikunjo ya pasi ikiwa pale pale. Hayo ningeyacheka nikayaacha. Lakini anayeangusha jiko na kutoroka ni mjomba, naye amelewa chakari. Mjomba wangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Ni mzee wa kanisa.

Nilitafuta namba ya director nikampigia. Akanijibu kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Sister, relax. Ni based on a true story. Audience haiwezi kuconnect na anko, wanataka father." Nikamuuliza, na ulevi je? Akasema, "Kila story lazima ikuwe na villain." Mtu mzima huyo, na watu wanamwita msanii.

Majirani nao wamenishangaza. Mama alishafariki, lakini wao wapo. Kuna mzee mmoja aliyekuja siku ile na ndoo ya maji, akamwona baba na televisheni yake kwa macho yake mawili. Juzi nilimsikia kwa kinyozi akisimulia vile mvua ilivyonyesha. Nilipomkumbusha televisheni, alinitazama kana kwamba namkosea baba adabu.

Baba mwenyewe amerudi. Anazunguka Rongai akipigwa picha, anaitwa shujaa, na anaitika bila haya. Wazee wa mchumba wangu wametuma ujumbe kwamba wanataka kuzungumza na yule baba wa kwenye sinema, na kwamba yule mjomba mlevi asikae nao. Nilimweleza mchumba wangu ukweli wote. Akasema, "Babe, nakuamini, lakini wazee washajipanga. Tumalize harusi kwanza, hiyo story utawaambia later." Later lini, nikiwa na wajukuu?

Kwetu, kabla mazungumzo hayajaanza, binti huingia na kibuyu cha maziwa akampa baba yake mbele ya wote. Anayekipokea ndiye atakayemsemea. Jumapili nilimwendea mjomba, nikamkuta akipukuchua mahindi, nikamwambia kibuyu nitampa yeye. Akaweka gunzi kando.

"Mpe babako, mama," akasema. "Mimi nitakaa huko nyuma na wale wa kuchinja mbuzi. Usiharibu boma lako juu yangu."

Nikambishia, nikalia. Akaniomba kitu kimoja tu: watu wa kanisa wakiniuliza, niwaambie kwamba siku ile hakuwa amelewa. Mzee wa miaka sitini na mbili ananiomba nimtetee kwa jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Wale wa kuniambia "ni sinema tu, dada", piteni, nimeshawasikia. Mliobaki nisaidieni. Nikimpa mjomba kibuyu, wazee watainuka waende, na simwamini mchumba wangu kwamba atabaki. Nikimpa baba, nitakuwa nimeukubali uongo wao wote mbele ya mtu aliyenitoa motoni, na ninavyomjua mjomba, atakuwa wa kwanza kunipigia makofi.

Nishaurini, ndugu zangu. Kibuyu nimpe nani?