Tyubu ya Mwenzangu

Mwenzangu alipohamishiwa maabara yetu ya hospitali ya Kibondo kutoka Kasulu, mkuu wa maabara alimkaribisha kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji nilikuwa mimi, na siku ile ile ndipo nilipoanza kuumwa. Alipewa meza ya bakteria. Meza yangu!

Nasema yangu kwa sababu chumba kile kilipokuwa stoo ya maboksi, niliyekifagia ni mimi. Inkubeta ilipoletwa, lile kabati la joto tunamooteshea vijidudu, niliyekisoma kitabu chake mpaka nikakijua kila kitufe ni mimi. Halafu mkuu ananiita ofisini na kuniambia, kwa upole uliozidi kuniudhi, kwamba huyu dada ameshika kazi ya bakteria Kasulu na kwenye kituo cha afya cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo meza awe nayo yeye kwanza. Mwisho wa mwaka ataamua nani abaki nayo moja kwa moja. Mimi nirudi kwenye hadubini na slaidi zake, vile vioo vyembamba vya kuwekea sampuli.

"Hakuna anayepaka rangi slaidi kama wewe, mama," aliniambia.

Ni maneno ya kumtuliza mtoto aliyenyang'anywa muwa. Niliitikia ndiyo, nikaenda kukaa kwenye hadubini yangu nimenuna mpaka jioni.

Kila kitu chake kilinikera. Baba yake ana duka Kasulu mjini na ndugu zao wako pwani, basi Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama uji wa mchele. Mimi ni mzaliwa wa Mabamba, hukuhuku Kibondo. Nikifungua mdomo tu, Kiha, lugha ya kwetu, kinatangulia mlangoni. Na hicho Kiha chenyewe alikuja kunipora. Aliwaamkia kina mama wodini "mwakeye" kwa lafudhi ya ajabu, wakacheka hadi kushikana mabega, na kesho yake mmoja akamletea ndizi mbivu. Mimi nimesema mwakeye tangu nijue kusema, na sijawahi kupewa hata kidole kimoja cha ndizi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi aliijua. Kwa asiyeifahamu, kazi ya kuwatambua bakteria wanaoitwa stafilokoka ni ya kuuliza maswali mafupi, moja baada ya jingine. Swali la kwanza lilikuwa langu: napaka slaidi rangi, naangalia, nawaona wamekaa vishada vya zambarau. Chuoni walituambia ni kama zabibu, tunda ambalo hakuna aliyelijua darasani. Sisi tukasema ni kama mkungu wa chikichi, tukaelewana. Baada ya hapo sahani walimooteshwa anachukua yeye. Anachota koloni, kile kirundo cha vijidudu, kwa kijiti, anaidondoshea dawa ya kutoa povu. Ikichemka, tunajua hawa si wale jamaa zao wanaokaa minyororo. Hapo kuna mtego: ukichota kwa pupa ukakwangua na damu tunayowalishia kwenye sahani, damu yenyewe itatoa povu na kukudanganya. Nilikuwa nageuza shingo kila mara nione kama atakwangua. Hakukwangua hata siku moja, mtu yule.

Swali la mwisho ndilo kubwa. Unachanganya vijidudu na plazma, maji ya njano ya damu, ndani ya tyubu, kile kichupa chembamba, unaiweka kwenye joto. Yule stafilokoka mkorofi, anayeleta majipu na akiingia kwenye damu anaua, huigandisha plazma ikawa kama yai lililochemshwa. Ndugu zake wapole wanaoishi kwenye ngozi zetu huiacha maji vilevile. Kwa hiyo daktari akituletea damu ya mgonjwa, tyubu ndiyo inayomwambia kama ana adui ndani au ni uchafu wa ngozi ulioingia wakati wa kuchoma sindano.

Nikajizoesha jambo. Kila alipotoka chumbani, nilifungua inkubeta na kuinamisha tyubu zake, taratibu, bila kutikisa. Nilikuwa natafuta kosa lake kama mtu anayetafuta sindano kwenye majivu. Nilihitaji moja tu, kubwa, kabla ya mwisho wa mwaka.

Slaidi zangu nilikuwa naziacha kwenye trei na mafuta ya hadubini, yale ya kuonea vizuri, juu yake, nikikimbilia nyingine. Kila asubuhi nilikuwa nazikuta zimefutwa safi. Nilidhani ni mhudumu wetu wa usafi, nikamwona ana adabu kuliko wasomi.

Siku yenyewe ikafika. Wodini kulikuwa na mtoto mchanga mwenye homa isiyoshuka, mama yake ametoka kwetu Mabamba. Damu ya mtoto ilikuwa imeotesha vijidudu kwenye sahani. Mimi nikaona vishada, mwenzangu akapata povu, akaweka tyubu kwenye joto saa tatu asubuhi. Tyubu hii husomwa baada ya kukaa humo kwa muda wa saa nne, na ikiwa bado ni maji, inarudishwa hadi kesho. Lakini mchana ule walikuja wageni kutoka mkoani, na nani aliitwa kuwaeleza kazi ya maabara? Yeye, kwa hicho Kiswahili chake. Nilimwona kupitia dirishani akionyesha kwa mkono, wageni wakiitikia kwa vichwa. Roho ilinichoma.

Saa saba ilipofika hakuwa amerudi. Nikaenda kwenye inkubeta, nikainamisha tyubu ya yule mtoto. Imeganda, imeshikana chini, haisogei. Nikaona hakuna kosa, nikairudisha kwa hasira na kwenda kula.

Wageni walimshika hadi jioni, na kesho yake asubuhi nilimkuta mbele ya inkubeta, tyubu mkononi. Ilikuwa maji matupu, inatembea huku na huku.

"Hasi," alisema. "Ni wa ngozi tu. Namshukuru Mungu kwa ajili ya huyu mtoto. Daktari alisema ikiwa hivi anasimamisha sindano za dawa."

Akaanza kuelekea mlangoni. Nakiri kwamba kwanza nilisikia utamu. Kosa nililolitafuta miezi yote lilikuwa linatembea mbele yangu kwa miguu yake. Ningekaa kimya, mtoto angezidiwa, wangechunguza, na mwisho wa mwaka meza ingerudi. Nikamkumbuka yule mama, jinsi alivyokuwa akinisemesha Kiha koridoni, akiniuliza damu ya mwanawe imesema nini.

"Mdogo wangu, simama," nikamwambia. "Jana saa saba ilikuwa imeganda."

Akageuka. "Umejuaje, dada?"

Uso ulinichemka. Akaniangalia mimi, akaiangalia inkubeta, kisha tyubu.

"Imeganda kweli?"

"Kama ugali."

Alichukua koloni mpya na plazma mpya, akaanza upya, na daktari akaombwa asiguse dawa kwanza. Safari hii tulikaa naye, tukiinamisha tyubu kila baada ya muda. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshikana kabisa. Alikuwa yule mkorofi. Wapo wa aina hiyo: wanagandisha mchana, halafu wenyewe wanayeyusha walichogandisha, na ukichelewa kusoma unakuta maji. Wote wawili tulifundishwa chuoni. Mtoto aliendelea na sindano, na baadaye alirudi Mabamba mgongoni kwa mama yake, analia kwa nguvu za mtu mzima.

Mwenzangu alikwenda mwenyewe kwa mkuu kueleza kwamba alipitwa na saa ya kusoma. Mwisho wa mwaka meza akapewa yeye. Mkuu akaongeza utaratibu: kila tyubu isomwe na watu wawili, na msomaji wa pili niwe mimi. Yaani nimebaki na kazi ile ile niliyokuwa nikiifanya kwa wivu, sasa kwa amri ya ofisi. Nilikasirika wiki nzima. Kilichoniudhi kupita vyote ni alivyonisitiri: alimwambia mkuu kuwa dada alimsomea tyubu alipokuwa na wageni, kana kwamba aliniomba. Hata katika wema alinizidi.

Siku moja tukiwa tunaosha mikono nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza mbona hakusema kwamba nilikuwa nachungulia.

"Ningesemaje, dada?" Alikuwa anajifuta vidole, haniangalii. "Na mimi ningeulizwa slaidi zako huwa nazifuta mafuta baada ya kufanya nini."

Nikabaki na mikono inachuruzika maji.

"Kila siku?"

"Kila siku. Nakaa pale ukishaondoka nitafute ulipokosea. Rangi zako hazijawahi kunipa nafasi hata moja. Zinaniudhi."

Niliondoka pale nimejawa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa sifa yoyote ya mkuu. Tangu hapo slaidi zangu naziacha na mafuta makusudi. Asubuhi, kabla ya kuvaa koti, kwanza napita kwenye trei, na siku nikizikuta hazijafutwa, roho inaniuma mpaka jioni.