Buti za Chuma Kwenye Chumba cha Samaki

Mama yangu anauza samaki wa kugandishwa hapa Kolwezi, na ndiyo sababu baba yangu alifanyiwa mtihani wa kupanda Kilimanjaro akiwa amekaa juu ya katoni ya tomsoni, samaki anayemuuza zaidi.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye shimo la mgodi liitwalo Mashamba, akiendesha lori kubwa la mawe. Alipostaafu alifukua kalenda ya zamani ya duka la matairi na kuitundika sebuleni. Mwaka wake ulikuwa umepita zamani, lakini picha ilikuwa ya Kilimanjaro, theluji juu, twiga chini. "Mi nilishuka mu shimo maisha yote," alisema. "Sasa nataka kupanda, hata mara moya tu." Mama alidhani ni porojo za mtu asiye na kazi. Siku alipogundua kwamba baba ameshakubaliana na waongoza watalii wa huko Moshi, na kwamba mimi binti yake nitakwenda naye, alinyamaza siku mbili. Mama akinyamaza, nyumba nzima inatembea kwa kunyata.

Siku ya tatu alimpa baba sharti lake. "Tata, utakaa saa moya mzima mu chambre froide yangu, na ile mavazi mutachagua. Kama minagusa bidole ya miguu na biko baridi, hautaenda. Kama biko na moto, enda. Mi sitasema neno."

Chambre froide ndicho chumba chake cha kugandishia, kikubwa kama jiko letu, na samaki wanatoka humo wakiwa wagumu kama matofali. Baba alikubali papo hapo. Mimi nilifurahi hata zaidi, kwa sababu kazi yangu ni kutunza stoo ya vifaa vya wafanyakazi: kofia, glavu, buti. Mtu akiingia mlangoni namtajia saizi yake kabla hajafungua mdomo. Nasema bila haya kwamba siku ile niliamini hakuna mtu Kolwezi nzima anayeweza kumvalisha baba kunishinda.

Tulianzia kwenye mitumba. Marobota ya kutoka Ulaya huja na majaketi ya theluji, na wanunuzi wake hapa ni madereva wa pikipiki, wanaoyavaa asubuhi za mwezi wa sita baridi inapouma. Kwa hiyo tuligombania majaketi na vijana wa pikipiki. Baba alikuwa na njia yake ya kupima: anabana kitambaa mdomoni na kupuliza kwa nguvu, mimi nashika mkono upande wa pili. Pumzi ikipita, jaketi linarudi kwenye rundo.

"Tata, munalowesha bitu byangu na mate!" muuzaji alilalamika.

"Mama, mi natafuta ile ya kukataa upepo," baba alimjibu kwa adabu zote, na akapuliza la saba. Kisha akachomoa uzi kwenye sweta, akauwasha kwa kiberiti na kunusa. Ukinuka nywele ni sufu, ukinuka plastiki si sufu. Muuzaji alitaka kuita watu. Tulirudi na jaketi la kijani, suruali mbili, sweta la sufu kweli na glavu kubwa zilizomfanya baba ashindwe kushika simu. Fulana yake ya pamba nilimnyang'anya, maana pamba ikishika jasho hailiachi, na jasho juu ya mlima ni adui. Alinung'unika njia nzima. Nilikuwa na raha isiyo na kifani.

Kuhusu buti hatukubishana hata dakika moja. Kwetu sisi, watu wa mashimo, kiatu cha maana ni buti yenye chuma kidoleni. Viatu vingine ni vya kanisani. Mjomba wangu alikwenda kuposa akiwa amevaa buti mpya za kazini, na familia ya msichana iliona wamepata mtu. Kwa hiyo tulinunua buti za chuma jozi mbili, yake na yangu, zilezile ninazogawa kila siku, tukamshindilia baba soksi tatu kila mguu.

Jumamosi asubuhi baba aliingia. Mama aliweka kiti nje ya mlango, saa mkononi. Tulikuwa tumekubaliana aimbe nyimbo za kanisani ili tujue yu hai, na akinyamaza tufungue. Aliimba saa nzima, sauti ikizidi kupanda. Alitoka paji la uso likitoa jasho, akicheka, na mimi nikaanza kupiga vigelegele. Mama alivuta buti, akamvua soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akashika kidole gumba.

"Tomsoni," alisema.

Alicheka mpaka akashikilia mlango. Wateja nao wakacheka. Baba alitabasamu kidogo, akakaa na buti mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike. Niliona aibu kali. Mimi ndiye niliyemchagulia. Tulipofika nyumbani aliishusha kalenda, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kabati. Mama aliutazama ule msumari mtupu kwa muda mrefu. Wakati wa chai alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba Jumamosi inayofuata baba anaweza kurudia mtihani. Kisha akaendelea kufuma. Siku zote hufuma nguo za vichanga wa parokia, na wiki hiyo mikononi mwake kulikuwa na sufu ya manjano.

Mimi nilirudi kwenye chambre froide na zile buti. Niliziacha humo tulipokuwa tukila mchana, pamoja na buti za ngozi za kutembelea milimani nilizozipata kwa yuleyule mama wa mitumba, zisizo na chuma, zinazompita baba saizi mbili. Baba alizidharau kama viatu vya watalii. "Hii bilato ni ya batalii." Nikamwambia atie mkono mmoja katika kila buti. Aliutoa haraka ule wa kwenye chuma. Kwenye shimo chuma kile humlinda mtu na jiwe, lakini kwenye baridi hugeuka kuwa jiwe chenyewe. Na soksi zetu tatu zilikuwa zimeubana mguu hadi damu ikakosa njia. Alivaa zile za ngozi, akachezesha vidole ndani, akacheka.

Zangu za chuma sikuzibadilisha. Nilijiambia mimi bado kijana, damu inachemka. Ukweli ni kwamba niliona haya kukiri kosa mara mbili.

Jumamosi ya pili niliingia pamoja na baba. Mlangoni mama alimpa soksi nene za sufu, za manjano kama za kichanga. Mwalimu alikuwa amempa mwanafunzi majibu! Baba alizivaa upesi. Tuliimba sauti mbili, yeye ya chini, mimi ya juu, na saa ikapita.

Mama alipiga magoti, akashika vidole vya baba kimoja kimoja, vyote kumi. Akavishika tena.

"Iko moto," alisema mwishoni, na mkono hakuutoa. "Enda, tata."

Baba alicheza pale pale na soksi za manjano juu ya saruji yenye maji. Nilimkumbatia. Kisha mama akanigeukia.

"Na weye? Toa bilato."

"Mama, mtihani ni ya papa," nilisema, nikimwonyesha baba.

"Toa."

Alinigusa mguu, na safari hii hakucheka. Aliingiza mkono kwenye mfuko chini ya kiti, akatoa soksi nyingine za manjano, ndogo zaidi. Hakuwahi kuniuliza saizi wala kunipima. Nilizivaa. Ya kushoto ilikuwa imefumwa kubwa kidogo kuliko ya kulia. Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kidogo tangu nizaliwe, jambo ambalo mimi, bingwa wa saizi za watu, nilikuwa nimelisahau. Nililia, sifichi.

"Leo utaenda kutafuta bilato ingine," mama alisema, akininyooshea soksi vizuri. "Mi minataka bidole makumi mbili birudi hapa."

Vilirudi vyote ishirini. Vyangu viliishia kambini, chini ya kilele, kichwa kikinigonga, lakini vya baba vilifika juu kabisa, na kalenda iko tena kwenye msumari wake.